Kiu Iliyokuja Kila Alasiri

Asifiwe Bwana anayewainua walioanguka, ndugu zangu!

Mimi ni Felista, mjane wa Elia. Wengi wenu mnanijua kwa samaki wa kukaanga ninaouza hapa Kariakoo. Wachache mnaijua aibu yangu. Leo nataka nyote muijue, na mjue aliyenitoa.

Elia wangu alikuwa kuli bandarini. Tulitoka Kilosa pamoja, tukapanga chumba katika nyumba ya Bi Mwanahawa, mama wa Kizaramo, Mwislamu, mtu wa mji huu tangu babu zake. Asubuhi moja Elia aliniaga vizuri, akaenda kazini. Kabla ya adhuhuri kamba ilikatika, shehena ikamwangukia. Waliniletea kofia yake tu, mwili nikauona baadaye. Raheli, mtoto wetu wa pekee, alikuwa hajang'oa hata jino moja la utoto.

Ndugu zangu, sikuanza kunywa kwa anasa. Siku za matanga usingizi ulinikataa kabisa, na jirani mmoja, kwa huruma, akanipa kikombe. "Kunywa, mama Raheli, upate kulala." Nikalala! Nikadhani nimepata dawa. Kumbe kikombe cha kulalia hakichelewi kuwa kikombe cha kuamkia. Nilianza kunywa asubuhi ili mikono itulie, niweze kushika samaki kule soko la Feri bila kuwaangusha. Kutoka tembo la mnazi nikahamia pombe ya moshi, ile inayouzwa kwa kificho. Mwishowe sikunywa nifurahi. Furaha iliondoka zamani! Nilikunywa ili niwe kama mtu.

Alasiri moja nilikuwa nakaanga samaki uani, nimelewa. Raheli akaja kunishika kanga, kama watoto wanavyofanya. Nikayumba, nikapiga figa teke, karai likapinduka. Mafuta ya moto yakamwagikia mguu wa mwanangu. Ee Bwana! Bi Mwanahawa ndiye aliyembeba kumkimbiza hospitali. Mimi mama yake miguu ilikataa.

Wifi yangu Paulina, dada yake Elia, akaja kutoka Ilala. Hakunitukana. Laiti angenitukana! Alisimama mlangoni, akasema, "Wifi, sikuchukii. Lakini kaka yangu nimekwisha kumzika. Huyu sitamzika." Akamwinua Raheli na bendeji yake, wakaenda. Mtoto hakulia. Ndugu zangu, hilo ndilo lililonichoma: hakulia kuniacha.

Mtadhani hapo niliacha. Nilizidi! Watu mtaani wakasema, mwanamke huyu hana haya. Haya nilikuwa nayo tele. Ndiyo niliyokuwa naizamisha kila siku, nayo kila asubuhi inaelea tena. Msimwambie mlevi kwamba hana haya. Hamjui kinachomnywesha.

Ikafika asubuhi Bi Mwanahawa akanikuta nimelala kwenye mlango wa uani, nimejichafua kama mtoto mchanga. Akachota maji, akaniosha kwa mikono yake, yeye mwenye nyumba. Akanivika kanga yake. Kisha akasema, "Felista, mimi na wewe dini mbalimbali. Lakini una Mungu wako. Mwite. Mimi nakaa hapa mlangoni, siondoki."

Nikapiga magoti. Sala nzuri sikuwa nayo. Nilisema, "Bwana, sitaki kuacha. Nifanye nitake." Basi.

Sikuona nuru. Nilitetemeka, nikatapika, nikaona wadudu ukutani ambao hawakuwapo. Nilimsihi Bi Mwanahawa afungue mlango nikanywe, alipokataa nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyasema humu. Yeye ananinywesha uji kwa kijiko, ananifuta mdomo. Homa ile ilipopita niliamka nina njaa. Nililia, maana nilikuwa nimesahau njaa ikoje. Bwana ni mwema!

Nikadhani yamekwisha. Nikaja hapa kanisani, nikaimba kwa sauti kuliko wote. Halafu kwenye harusi ya jirani kikombe kikapita mbele yangu, nikajiambia, kimoja tu. Nilirudi nyumbani nimeshikiliwa huku na huku. Jumapili ikafika, sikutoka chumbani.

"Bwana amenichoka," nilimwambia Bi Mwanahawa.

"Kwani amekwambia?"

"Hajaniambia."

"Basi kaoge, uende."

Nikaoga, nikaja. Hapo ndipo nilipoelewa, ndugu zangu. Bwana alinifungulia mlango wa gereza, lakini miguu ilikuwa bado inaijua njia ya kurudi. Basi nikaiacha njia yenyewe. Sasa nikitoka sokoni nazungukia mtaa wa Gerezani nisipite kilabuni, hata jua likiwa kali namna gani. Harusi natuma zawadi. Na kiu huja alasiri, saa ile ile ya karai. Ikija siinyamazii. Namwambia Bi Mwanahawa, "Imekuja." Ananiambia, "Kaa." Tunakaa barazani tukisuka ukili wa mikeka, namwomba Mungu wangu kimoyomoyo, hata ipite. Nayo hupita! Kesho hurudi, nasi tunakaa tena.

Krismasi hii Paulina alimleta Raheli. Amerefuka. Akaniamkia, "Shikamoo," kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni. Anachechemea kidogo. Nilipowasha moto akajibanza ukutani, akamwita shangazi yake, "Mama, twende." Mama! Kiu ilikuja, ndugu zangu, ilikuja kwa nguvu kuliko siku zote. Nikamwambia Bi Mwanahawa. Akasema, "Kaa." Nikakaa. Paulina akaona, akaja kukaa upande wangu wa pili.

Ilipopita nikaosha uso, nikamaliza kukaanga. Nikamtengea Raheli samaki pembeni, mbali na moto, nikaondoka nisimtishe. Akala. Baadaye nikasikia nyuma yangu, "Yupo mwingine?"

"Yupo, mwanangu."

Siwadanganyi, ndugu zangu. Sikurudishiwa vyote. Bado analala Ilala, na Paulina ndiye mama. Lakini nilikuwapo kumjibu, akili yangu timamu, na hilo ni neema ambayo sitaacha kuishukuru. Wewe uliyekuja leo na harufu mdomoni, ukakaa karibu na mlango ili utoke upesi, usitoke. Huna haja ya sala nzuri. Mwite Bwana kama ulivyo. Tukimaliza kuimba nitakuja nikae nawe.