Mtaa Usio na Pa Kukaa

Benchi la kwa Gundi lina miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na upande wa matofali ni wa Chaki, mwalimu mstaafu, kwa sababu ndiye mwepesi kuliko wote. Limeegemezwa ukutani, ubavuni mwa kibanda cha kushona viatu, pale barabara mbili zinapokutana, hivyo aliyekaa hapo haambiwi habari na mtu: anaona duka la simu, anaona kinyozi, anaona nani kaingia wapi na katoka na nini. Siku hiyo, saa tisa kasorobo alasiri, birika la muuza kahawa likiwa bado nusu, walikuwa wanne. Alikuwepo Gundi mwenyewe, fundi viatu, misumari mdomoni, Chaki, Kirungu mlinzi wa ghala, ambaye huja kijiweni kumalizia usingizi, na Rula, kompyuta ya mtumba mapajani, roho juu.

Rula aliitwa Rula kwa sababu alikuwa mwandishi wa mabango. Miaka kumi na tisa aliandika kwa brashi, mistari imenyooka utadhani imepimwa na fundi mwashi, mpaka zilipokuja mashine za kuchapa turubai zikafanya kwa dakika kumi kazi yake ya siku mbili. Basi akiwa na miaka thelathini na tisa akaanza upya. Sasa alikuwa akijifunza kujenga mitaa ya ndani ya gemu, ile dunia ambayo mchezaji anatembea. Mtaa wake wa kwanza alikuwa ameutuma kwa mkuu wa karakana moja ya magemu, mwanamke ambaye Rula hakuwahi kumwona kwa macho, na asubuhi hiyo majibu yalikuwa yamerudi.

— Soma tena, alisema Chaki. Polepole, kama imla.

Rula akasoma kwenye simu:

— "Nimetembea mtaa wako mpaka mwisho. Majengo mazuri. Nimemaliza kwa sekunde arobaini nikatoka. Urekebishe, unifanye nitake kubaki. Uwe umenifikia leo kabla ya saa kumi na moja, maana jioni nachagua mtu mmoja wa kumfundisha kazi."

— Sekunde arobaini! Gundi akaitema misumari kiganjani. Mimi kusubiri gundi ikauke tu ni dakika tano.

— Ndiyo maana watu hawarudi kwako, alisema Kirungu, macho yamefumba.

— Hebu tuuone huo mtaa, alisema Chaki.

Rula akaigeuza kompyuta. Ulikuwa mtaa wao. Duka la simu na bati lake la bluu, kinyozi na pazia lake la shanga, kidimbwi kisichokauka, na nguzo ya umeme iliyoinama.

— Lahaula! Hata nguzo imeinama!

— Nyuzi saba, alisema Rula. Nimepima.

— Na mtu mwenyewe yuko wapi?

— Mtu ni wewe, mwalimu. Unaona kwa macho yake. Bonyeza hapa utembee.

Chaki akabonyeza kwa kidole kimoja, kama anayegusa pasi kujua kama imepata moto. Akatembea, akafika kwa kinyozi, akagonga ukuta.

— Ukuta mgumu huu!

— Huo mgumu umenitoa jasho. Mwezi wa kwanza nilikuwa namweka mtu juu ya barabara, anazama. Anashuka huko chini kusikojulikana.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Kirungu.

— Hakuinama. Alizama.

— Si ni kule kule chini?

— Kumbe barabara ni picha tu mpaka uiambie: wewe ni ngumu, mbebe mtu. Na ukuta vilevile. Usipouambia, mtu anapenya kama moshi.

— Basi ukuta wa kinyozi wetu haujaambiwa, alisema Gundi. Kila ninalosema hapa, yeye analo kabla ya magharibi.

Wakacheka, na Rula akacheka nao, ila cheko lake lilikatika mapema. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kulisema.

— Jamani, nikikosa hii narudi kupaka rangi mageti. Sina chuo, sina cheti, ninacho ni mkono huu tu. Niambieni kweli. Kwa nini mtu aondoke?

Kwa swali kama hilo kijiwe hakihitaji kubembelezwa.

— Mtaa wako hauna mtihani, alianza Chaki. Weka swali kila mlango. Akijibu, mlango unafunguka. Asipojibu, anarudia darasa.

— Mtu katoka kazini hoi, unampa hesabu?

— Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, alisema Chaki. Huyu mtu wako si anajitembeza tu? Basi ni kibaya. Wahenga walishaliona hilo.

— Acha zako, mwalimu, alisema Gundi. Tatizo liko wazi. Nimetazama chini, sioni miguu. Mtu hana miguu! Nani atatulia mahali hana hata viatu? Fanya hivi: kapoteza kiatu kimoja. Anapita nyumba kwa nyumba anauliza, "Samahani, mmeona kiatu cha kulia?"

— Halafu?

— Halafu anakuja kwangu.

— Wewe hata humo ndani ya gemu unatafuta wateja!

Kirungu akafumbua jicho moja.

— Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Weka simba.

— Simba wa nini?

— Mimi ninalinda ghala mwaka wa kumi na mbili. Sijaondoka. Unajua kwa nini? Kwa sababu naogopa kutoka nje. Mtu akiwa na hofu anabaki, kaka.

Hilo la mwisho halikuwa baya, na saa zilikuwa zinakwenda, basi Rula akachukua simba wa bure mtandaoni akamweka mbele ya duka la simu. Simba akatokea, mdogo kama paka, anatembea kinyumenyume.

— Mkuze!

Rula akamkuza. Akapita nguzo. Kompyuta ikaanza kuunguruma kabla ya simba mwenyewe, ikapata moto mpaka Rula akaweka gazeti mapajani.

— Sasa huyo simba ndiye aulize maswali, alisema Chaki. Ukikosea anakula.

— Na avae viatu, alisema Gundi. Vinne. Kimoja kimepotea.

— Halafu barabara ikunjwe, ipande juu kama mkeka uliosimamishwa, alisema Kirungu, sasa yu macho kabisa. Mtu akitembea anafika mawinguni, huko mawinguni kuna ghala...

— La nini?

— Siri. Ndiyo maana atabaki.

Rula akamtazama simba wake aliyerudi kinyumenyume mpaka ndani ya kidimbwi, akamfuta. Ilikuwa imefika saa kumi kasoro dakika kumi. Alijuta kuwauliza, na alijuta zaidi kwa sababu aliwapenda na hakutaka kuwajibu vibaya.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja, mjamzito wa miezi ya mwisho, kandambili ya kuazima mguuni na kiatu chenye mkanda uliokatika mkononi.

— Hamjambo, kaka zangu.

— Hatujambo dada. Kiweke hapo, nakuja sasa hivi, alisema Gundi, na hakwenda.

Wote wanne walikuwa wamekiinamia kioo, na hakuna aliyejisogeza. Yule mama akashika kiuno, akasimama pembeni ya benchi, akachungulia kioo.

— Huo si mtaa huu huu?

— Ndio wenyewe, alisema Chaki kwa fahari, kama aliyeujenga yeye. Kila kitu kimo.

Mama akaufuata kwa macho, mlango kwa mlango.

— Na mtu akichoka, anakaa wapi?

Kirungu akatafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu hakuipata hata ya kukosea. Rula akamgeuza yule mtu wa ndani ya gemu, taratibu, atazame upande wao. Pale kwenye kona, mahali pa benchi, palikuwa na kijivu kitupu. Miezi minne alikuwa amejenga kila kinachoonekana ukiwa umekaa kwa Gundi, mpaka shanga za pazia, na benchi huwezi kuliona ukiwa umelikalia.

— Hatumo, alisema Gundi.

— Tumefukuzwa kwetu! alisema Kirungu.

— Inukeni, alisema Rula. Inukeni wote nilione.

Walitazamana. Hawakuwahi kuinuka wote kwa pamoja. Siku zote mmoja alibaki kuwawekea wenzake nafasi. Wakainuka. Benchi likalalia upande wa matofali likatoa mlio, na yule mama, ambaye hakuna aliyemkaribisha, akaketi katikati akashusha pumzi.

Rula akavuka barabara, akageuka. Aliliona benchi, jembamba kuliko alivyodhani. Aliyaona matofali, na ubao wa kukalia uliolika sehemu nne, kila mtu sehemu yake. Kisha akauona ukuta. Kwenye ukuta palikuwa na maandishi mekundu, yamefifia, katikati yamefutwa kwa miaka ya migongo: VIATU HUSHONWA HAPA. KAA USUBIRI. Ile K ya KAA ilikuwa na mguu uliopinda kidogo kwa nje. Aliijua ile K. Alikuwa na miaka ishirini, ilikuwa kazi yake ya kwanza, na mwenye kibanda alikuwa fundi mwingine kabla ya Gundi. Alikuwa ameisahau kabisa. Alikuwa ameiegemea kila siku na kuisaidia kufutika. Akavuka barabara kurudi.

Akaanza kujenga, amechuchumaa kando ya benchi, kompyuta juu ya kigoda cha Gundi. Ubao, miguu mitatu, matofali. Akaupiga picha ukuta akaubandika ulivyo, pamoja na yale mabaka ya migongo. Akaweka kitufe: ukibonyeza, macho yanashuka, umekaa. Akajaribu. Yule mtu akaketi, akapenya ubao, akazama ardhini.

— HUJALIAMBIA! wakapiga kelele wote watatu.

Akaliambia. Mtu akaketi, akatulia. Mtaa ukaonekana kama wao walivyouona miaka yote.

— Pako kimya, alisema yule mama. Hapa hapako kimya hivyo.

Rula akaweka simu yake kwenye benchi, akaanza kurekodi.

— Semeni.

Chaki akakohoa. Kirungu akasema, "Leo ni siku ya leo," akasita.

— Jamani! Kutwa mnasema, leo hata neno?

— Haya si ya kulazimishana, alisema Gundi.

— Kaka, kiatu changu kimefikia wapi? aliuliza yule mama.

— Kinakaribia.

— Kinakaribia! alidakia Chaki. Tangu nastaafu vyangu vinakaribia.

— Vyako vilikuja vikiwa marehemu, mwalimu. Mimi si mchawi nifufue.

— Ulisema Jumamosi.

— Sikusema Jumamosi ipi.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Kirungu, kwa hiyo fanya upesi.

Na hapo ikashika. Waligombania kiatu, wakahamia nani alianza kukaa upande wa matofali, wakaingia kwenye simba kama angevaa namba ngapi, na Rula akaiacha simu pale dakika kumi na nne bila kuthubutu kupumua. Yule mama alicheka mpaka akashika tumbo. Sauti zao akaziweka chini ya benchi la kwenye gemu: ukipita huzisikii, ukikaa unazisikia.

Akatuma saa kumi na moja kasoro dakika sita.

Hakuna aliyeondoka. Gundi akamaliza kiatu na akasahau kutaja bei. Yule mama akakivaa, akakikanyagia chini mara mbili, akakaa tena. Muuza kahawa akalipindua birika, likatoa tone moja.

— Imekwisha, wazee.

— Tusubiri kavu hivyo hivyo, alisema Chaki.

Saa kumi na moja na robo simu ikaita mlio wa ujumbe. Rula akausoma kwanza peke yake, midomo ikicheza, kisha akausoma kwa sauti:

— "Bado nimekaa hapo kwenye benchi. Jumatatu uje kazini, saa mbili. Swali moja tu: hayo maandishi ya ukutani nani aliyaandika? Nawatafuta watu wenye mkono kama huo."

Wakampigapiga mgongoni mpaka kompyuta ikataka kuanguka. Kirungu akamkumbatia. Gundi akageuka kuutazama ukuta wake kama ndiyo kwanza unajengwa.

— Nani kweli? Mimi niliyakuta.

— Ya serikali hayo, alisema Chaki. Angalia mpangilio. Mtu alitumwa.

— Atumwe na serikali kuandika viatu? Huyo alikuwa mgeni, tena wa mbali. Mkono kama huo hapa mjini haupo.

— Aliandika usiku, mara moja, akatoweka, alisema Kirungu. Sisi walinzi tunawajua watu wa namna hiyo.

— Au alishakufa.

— Alishakufa, huyo. Mafundi wa hivyo hawakai.

Yule mama hakuwa akiutazama ukuta. Alikuwa akiutazama mkono wa Rula, wenye doa la rangi nyekundu kwenye ukucha lisilotoka miaka nenda rudi. Rula akainamisha kichwa juu ya simu, akawaacha wabishane, akaandika jibu la neno moja: "Mimi."