Theluthi Yangu Apewe Albano

Farhan, weka simu chini ukae hapa mkekani na dada yako. Najma, mnyonyeshe tu huyo mtoto, kilio chake hakinisumbui. Nina neno moja la kuwaambia, wanangu, na pumzi niliyobaki nayo inatosha neno hilo tu.

Jana, Farhan, uliingia uani na breki ya ekzosi uliyoing'oa kwenye lori bovu, ukasema Jumamosi basi letu litashuka mlima Kitonga nayo. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo ubishe.

Mama yenu Zubeda hakuuawa na Albano. Nilimuua mimi.

Mwaka ule, Najma bado ananyonya, nilikuwa na basi lenye injini ya mipigo miwili kama hii iliyopo uani. Nikaona malori yanavyoshuka milima, dereva anaziba njia ya moshi, injini inajibana, gari linatulia. Nami nikakitaka kifaa kile. Albano, fundi wangu, akakataa kukifunga. Akasema, "Mwinshehe, injini za malori zinavuta hewa zenyewe. Hii inasukumiwa hewa na pampu. Ukiiziba nyuma, pampu inasukuma ukuta, sili zinazozuia oili zinapasuka, oili inamwagikia kwenye silinda, injini inaichoma kama dizeli, inaanza kujilisha yenyewe. Hapo hata ukizima ufunguo, haizimiki." Nikamwambia arudi kwao Mahenge akazibe pancha za baiskeli. Akacheka, akasema, "Baiskeli haiui abiria, bosi." Nikakifunga kifaa mwenyewe, nikampakia mama yenu na Najma tushuke mlima, naye Albano bado akapanda, eti hawezi kutuacha twende peke yetu.

Kona mbili za kwanza ilishika vizuri, nikawa nampigia mluzi wa kumkejeli. Ya tatu injini ikapiga ukelele ambao hadi leo nausikia mtu akisaga mahindi, moshi ukajaa, basi likaanza kukimbia badala ya kutulia. Nikazima ufunguo, ikaendelea. Nikakanyaga klachi isilisukume basi, ikazunguka mpaka ikapasuka tumbo, kipande cha chuma kikatoboa mfuniko wa injini kule nyuma ya basi na kumkata mama yenu shingoni, pale alipokaa kwa sababu siti yake ya mbele alimpa mzee mwenye mguu mbaya. Na bado ilikuwa inazunguka, inatema vyuma. Albano akafungua ule mfuniko, akashindilia koti lake kwenye mdomo wa pampu ya hewa, koti likamezwa, akashindilia mkono. Injini ikakabwa na vidole vyake vitatu, ikafa. Nami nikalibamiza basi kwenye ukuta wa mlima.

Alikutoa wewe, Najma, chini ya kifua cha mama yako, akakufuta damu machoni kwa pindo la shati lake kabla hajafunga mkono wake mwenyewe.

Polisi walipokuja hospitali kuuliza nani alifunga kile kifaa, nikasema fundi. Alikuwa amelala kitanda cha pili, akanisikia, akanyamaza. Alikaa jela mwaka na nusu. Alipotoka nikamfuata kwake Mwananyamala, nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia, "Watoto wamebaki na mzazi mmoja. Wewe ukifungwa, wangemlilia nani?" Kisha akaniwekea chai.

Hata hivyo nilinyamaza. Mwaka jana, Farhan, ulimchapa kofi pale stendi ya Mbezi Luis, ukamwita muuaji, watu wakacheka. Akainama akaokota kofia yake, akakuuliza kama mkono umekuuma. Nilikuwa nimesimama hatua tano tu.

Sasa basi. Nyumba na kiwanja ni vyenu, mgawane kama dini inavyosema. Lakini theluthi ni ya maiti kumpa amtakaye, na yangu ni lile basi. Nampa Albano. Majirani wawili wameshuhudia asubuhi. Usinikunjie uso, mwanangu. Nakupokonya kwa sababu nakujua. Wewe ni mimi, ungeifunga ile breki nikishafukiwa tu, na huyu mjukuu ungempakia humo humo.

Ufunguo uko chini ya mto... Najma, inua kichwa changu. Ahsante, mama. Wewe na mama yako, mikono ile ile.

Farhan, umpelekee wewe. Kwa miguu yako. Usimtume mtu. Umpe kwa mikono miwili, kwenye ule mkono wake wa vidole viwili... umwambie alilonifichia nimelitoa. Na kaburini... mpeni nafasi mbele.

Mungu awatunze. Awatunze wote... Nenda sasa, Farhan. Nikusikie ukifungua geti.