Akaunti Tuliyoifungua Kijiweni

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na zahanati. Ukikaa upande mmoja unaiona foleni ya wagonjwa, ukikaa upande wa pili unaona vichwa vinavyonyolewa, na ukikaa katikati unaona vyote ila unabanwa mbavu. Mimi ni fundi viatu, wananiita Gundi, na sanduku langu liko pembeni kabisa ili niweze kushona huku masikio yakifanya kazi yake. Kinyozi ni Redio, jina linajieleza. Mzee Lindo alilinda mageti ya watu mpaka akastaafu, sasa anatulinda sisi. Kahawa anauza Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote hapa lakini anatukaripia kama ametulea. Na yupo Kibodi, fundi wa kompyuta, aliyeitengenezea zahanati tovuti ya kutunzia mafaili ya wagonjwa. Asubuhi hiyo Kibodi alifika hana rangi usoni, akakaa bila salamu, laptopu kaikumbatia kifuani.

Shangazi: We Kibodi, salamu umeziacha kwa mkeo? Haya, kikombe hiki hapa.

Kibodi: Shangazi, leo kahawa haitapita.

Redio: Haitapita? Basi kuna msiba.

Redio alikuwa mlangoni, mashine mkononi. Ndani mteja wake amebaki na nusu kichwa.

Kibodi: Mnaikumbuka ile akaunti tuliyofungua hapa juzi juzi?

Redio: Ile ya "kijiwe"? Niisahau vipi? Mimi si ndiye msimamizi mkuu! Hata nyumbani wanajua.

Kibodi: Nyumbani wanajua?

Redio: Mtu akipanda cheo anaficha?

Kibodi: Na paswodi wanaijua?

Redio: Kaka, neno lenyewe "kahawa". Hilo nalo ni la kuficha?

Kibodi akafunika uso kwa viganja. Mimi sindano ikanisimama kwenye soli, maana sijawahi kumwona kijana yule akifunika uso.

Ngoja niwaeleze. Siku ile tulimwuliza kazi yake hasa ni nini, naye akafungua dirisha jeusi kwenye laptopu, halina picha wala vitufe, maandishi matupu. Akatuambia tovuti haijengwi kuanzia msingi; kuna kiunzi ambacho wenzao duniani walishakisimamisha, yeye anaongeza vyumba tu. Na kiunzi hicho kina amri moja ya kumuumba msimamizi mkuu, mtu mwenye funguo zote. Unaandika amri, mashine inakuuliza jina, barua pepe, na paswodi mara mbili, basi. Redio akasema tufungue moja ya kijiwe. Kibodi akacheka, akakubali. Ilipofika zamu ya paswodi, alipokuwa akibonyeza hakikuonekana kitu, hata nukta. Mzee Lindo akadhani vitufe vimekufa. Kibodi akasema ndivyo ilivyo, mashine inaficha, sisi tukasema basi tamka ili tujue unachoandika. Akatamka. Mara ya pili akakosea, mashine ikakataa, ikabidi arudie, na safari hiyo benchi zima likamsaidia kwa herufi, mojamoja, kwa sauti, tukipiga makofi. Mashine ikalalamika kwamba neno ni fupi mno na la kawaida mno, ikauliza kama apite hivyo hivyo. Benchi likajibu kwa pamoja: pita! Naye akapita.

Kibodi: Ilikuwa iwe ya mazoezi. Mimi nina madirisha mawili meusi. Moja limo humu ndani ya laptopu, wagonjwa wake nimewabuni. La pili limeunganishwa na seva yenyewe, wagonjwa wake ni hao mnaowaona pale kwenye foleni. Yote meusi, maandishi yote meupe.

Mzee Lindo: Mageti mawili yanafanana, na hukuweka kibao?

Kibodi: Sikuweka, mzee.

Mzee Lindo: Mwanangu, mwanangu.

Kibodi: Leo nimefungua orodha ya wasimamizi nikitarajia kuona watu wawili, mimi na daktari. Nimemkuta na huyo kijiwe. Hapo nikasema sawa, nimekosea dirisha, nitaifuta, nani atajua. Halafu nikaona pembeni yake pameandikwa mara ya mwisho kuingia.

Shangazi: Si ndiyo siku ile tulipoifungua?

Kibodi: Siku ile hatukuingia, Shangazi. Amri inaumba akaunti tu, haikuingizi ndani. Pale palitakiwa pawe patupu. Pameandikwa jana, alasiri.

Pikipiki ilipita, vumbi likatua kwenye vikombe, na Shangazi hakuvifunika kama desturi yake.

Redio: Jana alasiri mimi nilikuwa nanyoa. Nina mashahidi.

Kibodi: Sijakutaja.

Redio: Umeniangalia.

Mzee Lindo: Tulieni. Mimi nawaambia hakuna mtu hapo. Mmekipa kitu jina. Mmekipa barua pepe. Mmekipa neno la siri na ukubwa wote wa nyumba. Mlitegemea kikae tu? Kimekwenda kukagua lindo lake. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Kibodi: Mzee, akaunti haijiendei yenyewe.

Mzee Lindo: Wewe ulisema ulibonyeza na hakikuonekana kitu. Kitu kisichoonekana kinafanya nini gizani, unakijua?

Redio: Hayo ya kwako ni ya kutishia watoto, mzee. Hawa ni watu wa satelaiti. Mimi juzi nimezungumzia mafuta ya nywele, kwa mdomo tu, simu imo mfukoni. Nilipoitoa ikanionyesha mafuta! Simu inasikia. Tuliposema herufi kwa herufi, ikazichukua zote, ikazipeleka juu. Huko juu wanajua sasa hivi nani ana presha mtaa huu.

Shangazi: Nanyi mnazunguka mbuyu tu. Mmemsahau yule karani wa mapokezi, marehemu? Kila siku kikombe chake cha kwanza nilimmiminia mimi. Hakuwahi kukosa kazini, mpaka siku aliyoanguka. Sasa nyie mnafungua mlango wa ofisi yake, neno la kupitia mnaweka kahawa. Mnamwita kabisa, asije?

Redio alicheka kidogo. Aliitazama zahanati, dirisha lile la mapokezi lenye pazia la kijani, akahamia upande wa pili wa mlango.

Nami nilitaka kucheka. Sikuweza. Yote hayo, ya kitu cha gizani na ya satelaiti na ya marehemu, yalikuwa nafuu kuliko lile ambalo kila mmoja wetu alikuwa analikwepa: aliyeingia ni mtu, tena aliyesikia makofi yetu.

Redio: Kibodi. Hebu niambie kitu. Faili la mtu... tuseme mtu amekwenda pale peke yake, akaingilia mlango wa nyuma. Nalo limo humo?

Kibodi: Yote yamo.

Redio: Hata kama mtu alimwomba daktari asiandike sana?

Kibodi: Daktari anaandika kila kitu, kaka. Ndiyo kazi.

Redio akazima mashine yake. Mzee Lindo, ambaye tangu nimfahamu anajigamba hajawahi kumeza kidonge, alianza kufuta miwani isiyo na vumbi.

Mzee Lindo: Na mtu aliyelazwa siku chache akawaambia watu amesafiri kwa mdogo wake?

Kibodi: Naye yumo, mzee.

Nikatazama mikono yangu. Na mimi nina faili pale. Ndani yake kuna maneno ya daktari kuhusu macho yangu, la kushoto linavyokwenda na la kulia linavyolifuata, maneno ambayo mke wangu hajayasikia wala wateja wangu. Nani atampa kiatu fundi asiyeona tundu la sindano? Niliogopa, nasema wazi, niliogopa mpaka uzi ukanitoka vidoleni.

Mimi: Kibodi, umeifunga?

Kibodi: Nimeizima asubuhi hii hii. Nimeiondolea ile alama ya tiki inayoiruhusu, haiingii tena.

Mimi: Na alichokisoma?

Kibodi: Hapo ndipo nilipokwama, Gundi. Mtu akibadilisha faili, mashine inaandika jina lake. Akisoma tu na kuondoka, haimwandiki. Kuna kumbukumbu nyingine za seva ambazo zingeonyesha njia aliyopita. Nilizizima mwenyewe, zilikuwa zinajaza diski.

Shangazi: Kwa hiyo amesoma faili la nani?

Kibodi: Sijui.

Shangazi: Ameyasoma mangapi?

Kibodi: Shangazi, sijui!

Redio: Lakini mlango wenyewe si umejificha? Mtu angeujua wapi?

Kibodi: Anwani ya tovuti imebandikwa pale ukutani, watu waombee miadi. Ukiongeza neno moja mwishoni unatokea mlango wa wasimamizi.

Redio: Neno gani?

Kibodi: Silisemi!

Shangazi: Ulishalisema siku ile ile, mwanangu. Mpaka mimi ninalo, na mimi simu yangu ni ya vitufe.

Hapo ndipo tulipoanza kuhesabiana kwa macho. Nani alikuwepo siku ile? Sisi wa benchi. Wateja wa Redio. Foleni nzima ya zahanati, maana tulipiga makofi na watu wakageuka. Akina mama waliokuja kunywa kahawa. Watu wa nyumbani kwa Redio. Kila tulipomtaja mtu, tulimkuta na simu. Mzee Lindo akasema mtu mwema hawezi kufanya hivyo, Redio akamwambia kwa hiyo amebaki nani, na wote wawili wakanywea.

Mteja mwenye nusu kichwa akatoka ndani na shuka la kunyolea shingoni. Akatutazama mmoja mmoja, akamrudishia Redio shuka lake, akavaa kofia na kuondoka. Hakuna aliyemwita.

Mzee Lindo: Kibodi, simama. Vuka barabara ukamwambie daktari.

Kibodi: Nikimwambia, kazi imekwisha.

Mzee Lindo: Ndiyo.

Kibodi: Na pengine polisi. Mzee, mke wangu bado yuko kitandani na kichanga. Nitamwambia nini?

Mzee Lindo: Nimelinda mageti miaka na miaka. Geti likiachwa wazi unapiga kengele kwanza, mengine baadaye. Watu walale wakijua kuna mtu kaingia. Simama, twende, nitakushika mkono.

Kibodi akasimama kweli. Alikuwa ameshampa Shangazi laptopu amshikie, ndipo tulipomwona yule dada wa duka la vitambaa anakuja moja kwa moja kwetu, futi ya kupimia bado imening'inia shingoni. Mtaa mzima unamjua, anaolewa karibuni, na kitambaa cha harusi yake amekikata mwenyewe. Hajawahi kukanyaga kijiweni. Anapita upande ule, anasalimia kwa mbali, basi.

Dada: Shikamoo mzee. Shikamoo Shangazi.

Mzee Lindo: Marahaba, binti. Kuna jambo?

Dada: Namtafuta Kaka Kibodi.

Kibodi: Ndiyo, dada.

Dada: Siku nilipoandikishwa pale zahanati ulikuwepo, unawafundisha manesi. Nikakuuliza humu ataona nani, ukaniambia ni daktari na mimi mwenye faili. Ni kweli ulisema, au nimekusingizia?

Kibodi: Nilisema.

Dada: Nilikwenda kupimwa. Kabla ya ndoa, nilitaka kujijua. Sikumwambia mtu, hata mama. Majibu yalikuwa yatoke jana na mimi nilikuwa na wateja, nikasema nitayafuata leo.

Akaishika ile futi kwa mikono miwili. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

Dada: Leo asubuhi amenipigia dada yake mchumba wangu. Ameniambia, "Pole sana mdogo wangu, tumeyasikia majibu yako, tumekaa kama familia, tumeona tusimame kwanza." Akakata. Nimempigia mchumba wangu, hapokei.

Shangazi: Ee Mungu wangu.

Dada: Nimetoka hapo zahanati sasa hivi. Daktari ana mgonjwa amezidiwa, mlango umefungwa, nimeambiwa nisubiri. Nesi anaapa bahasha yangu haijafunguliwa. Nikakumbuka kelele zenu za siku ile, mlikuwa mnataja herufi za paswodi ya tovuti ile. Mimi sikuja kugombana. Aliyewaambia wakwe zangu simtafuti leo, nitamtafuta siku nyingine.

Akatutazama wote, mimi wa mwisho, na kwa macho yangu haya mabovu nilimwona vizuri kabisa.

Dada: Nyie ndio wenye akaunti. Naomba mnijibu jambo moja tu, maana wakwe zangu wanalijua na mtaa unalijua na mimi silijui. Nina nini?

Redio alitazama miguu yake. Mzee Lindo alivua kofia. Shangazi, kwa kukosa la kufanya, alichukua kikombe kisafi akainamisha birika ammiminie, akainamisha zaidi, akaitikisa. Kahawa ilikuwa imekwisha.