Risala ya Waanika Dagaa wa Kabusuli kuhusu Chumba cha Macho Chenye Utepe

Mgeni rasmi, shikamoo. Kwanza samahani kwa sauti ulizozisikia nyuma ya turubai wakati unashuka kwenye gari. Si wapinzani. Ni mwenzetu Kashindye na jirani yake Prudencia, na walikuwa hawajamaliza.

"Ulinitia dawa yako, Prudencia."

"Nilikupa kwa moyo. Si ulisema jicho limepoa?"

"Lilipoa usiku mmoja."

"Basi ungeingia pale ndani kwa Suzana."

"Ningeingia vipi, mayu, na mlango wamefunga utepe kama zawadi ya harusi?"

Hapo Mtendaji akawanyamazisha, maana umefika. Ni yeye pia aliyemtoa Kashindye mstari wa mbele, eti kitambaa cha jichoni kitaharibu picha. Sisi tunaendelea pale walipokatishwa.

KARIBU KABUSULI

Asante kwa kufika. Tulikusubiri. Kwenye risala nyingi neno hilo ni la adabu tu. Kwetu limegharimu jicho la mtu.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanawake tunaoanika dagaa na kubanika sangara. Asubuhi jua linapiga ziwani, ziwa linaturudishia usoni. Jioni ni moshi. Ndiyo maana wengi wetu tumeota kinyama kwenye weupe wa jicho, na wakubwa wetu wana mtoto wa jicho.

Tuna desturi yetu pia, na tunaisema wenyewe kabla hujaisikia kwa majirani. Dawa ya macho hapa mwaloni, tunakopokea samaki, haina mwenyewe. Mmoja akipewa hospitali, kichupa kinazunguka nyumba kwa nyumba kama chumvi. Mwenye wekundu, mwenye muwasho, mwenye ukungu, wote humo humo. Anayemnyima mwenzake matone atasemwa mpaka Usagara.

MAFANIKIO

Tulisomba mawe na mchanga kwa vichwa vyetu, chumba cha macho kikajengwa ubavuni mwa zahanati. Mashine ikaja, dawa zikaja, na Suzana, mtaalamu wa macho, akaja. Kilikamilika kabla ya masika. Uongozi ukafunga utepe mlangoni, ukasema kisiguswe mpaka mgeni rasmi akifungue.

Suzana akawekewa benchi nje, chini ya dirisha la chumba chake mwenyewe. Akawa anatupima kwa tochi ya simu, dawa anaziangalia kupitia kioo cha dirisha. Hata hivyo ametufundisha mengi: kuvaa kofia pana, kunawa kabla ya kugusa jicho, kutopikicha. Alituambia pia kwamba mtu mzima kushindwa kutunga uzi kwenye sindano si kulogwa, ni kuhitaji miwani. Kuna watu walishanuniana kwa ajili hiyo, sasa wanasalimiana.

CHANGAMOTO

Siku ile Kashindye alikuwa anageuza dagaa, upepo wa ziwani ukainua mchanga. Kitu kikamwingia jicho la kulia. Akapikicha kwa mkono wenye chumvi, akafanya kazi mpaka mwisho, maana dagaa hawasubiri. Jioni Prudencia akavuka uzio na kichupa chake cha jicho la kuwasha. Kashindye akasikia ubaridi mtamu, akalala vizuri. Alipoamka, kitone cheupe kilikuwa kimekaa katikati ya jicho.

Suzana alipokiona, kicheko chake chote kilikwisha. Alisema ni kidonda kwenye kioo cha jicho, na ile dawa ya muwasho inakilisha kidonda hicho kikue. "Dawa yake ipo humu," akasema, akigonga dirisha. Akaenda kuomba ufunguo. Uongozi ukamjibu kwamba ufunguzi ni Alhamisi, mgeni rasmi anakuja na madaktari bingwa, tukikata utepe mapema tutaonekana hatuna adabu.

Suzana akamwambia Kashindye aende hospitali mjini siku hiyo hiyo. Sisi tukamcheka. Bingwa anakufuata nyumbani, mayu, wewe unakwenda kupanga foleni?

Alhamisi alioga mapema, akavaa kitenge cha sare, akakaa mbele. Tukaambiwa ratiba yako imebana. Siku nyingine ikatangazwa, nayo ikaahirishwa. Kila gari lililonguruma barabarani Kashindye aliuliza, "Ndiye huyo?" Ngosha, kijana wa bajaji, alipompakia kumkimbiza mjini, kioo cha jicho kilikuwa kimeshatoboka.

Hatusemi kosa ni lako, mgeni rasmi. Hukujua. Hakuna aliyekuuliza kama unautaka huo utepe. Changamoto yetu ndiyo hiyo.

MAOMBI

Kashindye amebaki na jicho la kushoto, nalo lina mtoto wa jicho. Leo anatuona kama vivuli. Mjini walimwambia linapasuliwa, na ataona.

Ratiba yako tunaijua: hotuba, utepe, picha, chakula, safari. Tunaomba utepe ukatwe sasa, kabla ya hotuba. Mkasi anao Suzana.

Tunaomba pia msafara wako ukigeuza kurudi Nyamagana, gari la madaktari lisigeuze nalo mpaka wampime Kashindye na kumpangia siku ya upasuaji.

Ombi jingine ni la Prudencia mwenyewe. Anataka Suzana akusanye vichupa vyote vinavyozunguka mwaloni, kila mtu apewe dawa ya jicho lake. Cha kwanza anacho mkononi, amekileta.

Tulitaka kuomba na mashine ya barafu. Tumeiacha, isije ikakusahaulisha haya.

Mungu akutunzie macho yote mawili, yaone unachoonyeshwa na kilichosogezwa nyuma ya turubai.

Sisi wako,
Umoja wa Waanika Dagaa, Mwalo wa Kabusuli
Imesomwa na Queen Mashimba, Katibu

Nyongeza, mgeni rasmi, ni kuhusu chakula. Uongozi umekuandalia kuku hapa kwenye turubai. Lakini Kashindye amepika sato na ugali wa udaga, unga wa muhogo, tangu asubuhi, kwa kupapasa, na hakutaka msaada. Anasema mgeni aliyesubiriwa hivi lazima ale kwake. Nyumba ni ile yenye mlango wa bati. Yeye na Prudencia wanagombana kutwa, lakini wanakula sahani moja, kwa sababu sato ana miiba na Kashindye haioni tena. Mtu akae karibu yake amtolee. Leo nafasi hiyo Prudencia amekuachia wewe. Karibu ndani, maji ya kunawa yako mlangoni.