Mama Taratibu, Dereva wa Mikate na wa Wagonjwa

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli. Baba yake alikuwa fundi wa reli, mama yake mkunga.

Alisoma shule ya jirani na kumaliza kidato cha nne mwaka 1979. Alikuwa mchelewaji sugu. Mwalimu mkuu alipombana, ikajulikana kwamba kila asubuhi alikuwa akimngoja rafiki yake mwenye mguu mbovu. Alipoulizwa kwa nini asimwache, alisema hajaona sababu.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, mtu mpole aliyemposa huku akimpima gauni. Walijaliwa watoto watatu.

Alianza kazi ya kupakia mikate kiwandani, akapata leseni, akakabidhiwa usukani wa gari la mikate. Aliliendesha polepole mno, hata madereva wenzake wakambandika jina la Taratibu. Hakununa. Alisema mkate uliobondeka ni yeye anayeulizwa.

Mwaka 2009 jirani yake dobi alipatikana na saratani ya titi. Baada ya upasuaji alitakiwa kupigwa mionzi kila siku ya kazi, na hospitali ilikuwa mbali, magari matatu kwenda na matatu kurudi. Akaacha katikati. Mama Taratibu alimkuta amejilaza.

"Nikifika huko nimeshakwisha, mwenzangu," dobi alimwambia. "Bora nibaki na kitanda changu."

"Kesho usifunge mlango kwa ndani. Nakupitia."

Alimpitia kweli, na nyuma ya gari ilikuwepo mikate iliyotoka tanurini wakati huo huo. Marehemu alidhani harufu ile ingemchangamsha mgonjwa. Hawakufika hata kona ya kwanza. Dobi alitapikia kofia ya kazi ya dereva, akajifuta mdomo, akauliza kama anapelekwa hospitali au anamaliziwa njiani. Walicheka mpaka gari likazima.

Tangu hapo marehemu aliliosha gari kwa maji matupu, bila sabuni yenye manukato, akaomba kiwandani ampeleke mgonjwa kwanza, mikate baadaye. Meneja akagoma.

"Mkate ukichelewa, wateja watanuna," marehemu alimjibu. "Huyu akichelewa, zamu yake ya mashine inampita."

Meneja alikubali kwa wiki moja ya majaribio. Wiki hiyo haijaisha hadi leo. Wagonjwa waliongezeka, na mumewe akawashonea vimto, mito midogo ya kuweka chini ya mkanda wa gari, usiwakwaruze palipopasuliwa.

Mwaka 2022 saratani ilimfikia yeye mwenyewe. Mwanzoni alitaka kujipeleka. Binti yake wa mwisho alimnyang'anya ufunguo, akamketisha nyuma na kimto chake, na safari nzima ikawa, "Shimo hilo, mwanangu. Si nimesema taratibu?" Jambo moja tu lilimnyima usingizi: nani atawapitia wagonjwa wenzake atakapokuwa hayupo. Hakuuliza. Aliangalia tu binti anavyokata kona.

Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, alfajiri, akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Binti alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, hajui aende au abaki.

"Nenda, mama," baba yake alimwambia. "Wagonjwa wameshavaa, wanakusubiri."

Akaenda. Leo pia ameenda, ndiyo maana tumewaomba ndugu na jamaa tuzike alasiri. Gari limeegeshwa pale getini, na waliokuwemo wameketi nasi.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na dobi, aliyeketi mstari wa mbele na ambaye ndiye aliyefua shuka lililomfunika.

Apumzike kwa amani Mama Taratibu. Kesho asubuhi, msifunge milango kwa ndani.