Meza ya Mama Bena

Wasikilizaji wapendwa, habari za Alhamisi asubuhi. Ni mimi Susan Wanjohi, naongea nanyi kutoka Coon Rapids, hapa Minnesota, na kahawa yangu imeshapoa kabla sijaigusa. Leo tunamkumbuka mwalimu. Anaitwa Bernardine Uwimana. Narudia kwa ajili ya walioingia sasa hivi: Bernardine Uwimana, wa Crystal, mke wa Elisée, mama wa watoto watatu. Alitutoka mwezi uliopita. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Niseme mapema, msije mkasema sikuwaambia. Huyu mama nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu akiwa hai, na amekufa bado namwonea. Kuna watu wa hapa redioni walitaka kipindi hiki asimulie mtu mwingine. Nikakataa katakata. Atakayemweleza vizuri ni yule aliyemkodolea macho kila siku, na huyo ni mimi.

Bernardine alizaliwa Kivu Kusini, kule Kongo, kwenye milima yenye baridi. Ndiyo maana theluji yetu haikumbabaisha. Alisomea ualimu Uvira, vita ikamkuta darasani. Akakimbilia Burundi, akakaa kambini miaka mingi akifundisha watoto chini ya turubai. Huko akaolewa na Elisée. Walipoletwa hapa walianzia Hopkins, kwenye apatimenti ya zamani, baadaye wakahamia Crystal, nyumba ndogo yenye gereji kubwa kuliko sebule. Hiyo gereji mniwekee akilini.

Watoto wake ni hawa. Wa kwanza ni Héritière, binti wa chuo, mzima kabisa. Wa pili ni Uwamariya, ana miaka kumi na tano, anatumia kiti cha magurudumu na maneno yake hutoka polepole. Wa tatu ni Twagirayezu, sisi tunamwita Twagira. Ana miaka kumi na miwili, ana usonji, haongei.

Shule aliyokuwa akienda Twagira haikuwa mbaya, jamani. Walimu walimhurumia. Lakini kengele ikilia, mtoto alijificha chini ya dawati na siku ikaishia huko. Siku moja Bernardine alienda kumchukua, akamkuta amejikunja, ameziba masikio. Hakugombana na mtu. Alipiga magoti, akamshika mkono, akamwambia, "Twende nyumbani, tukasome."

Basi Twagira akaanza kusomea nyumbani. Mwaka uliofuata Uwamariya naye akabaki. Watu walisema, ee, walisema! "Amerika shule ni za bure, huyu anafungia watoto ndani ya nyumba?" Na mimi nilisema. Halafu nikampeleka wa kwangu.

Ndiyo, wa kwangu. Binti yangu Keziah ana miaka tisa, na alizaliwa na hali ya Down. Kwa hiyo mezani walikuwa watatu: Uwamariya, Twagira na Keziah. Mwalimu mmoja, Bernardine. Wao walimwita Mama Bena.

Meza ilikuwa ya jikoni, imefunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua ya njano. Kila mtoto alikuwa na pembe yake. Kwenye pembe ya nne, karibu na jiko, kilikaa kiti cha Bernardine, chenye mto wa kitenge. Na kulikuwa na sheria: somo halianzi mpaka kila mtu asalimiwe, na kila mtu ajibu kwa namna yake. Bernardine alipiga makofi, akauliza, "Nani bado hajasalimiwa?" Twagira aligonga meza mara mbili. Uwamariya alisema "mzima", neno likachukua muda wake, na hakuna aliyeruhusiwa kummalizia. Keziah alimbusu shavuni. Mimi nilikuwa pale mlangoni na funguo za gari mkononi. Mimi hakuna aliyenibusu.

Masomo yenyewe sasa. Hesabu ilikuwa maharagwe na vikombe vya unga. Kusoma kulikuwa karatasi za matangazo ya supamaketi; Keziah alijua kusoma bei ya kuku kabla hajajua kuandika jina langu. Siku moja nilikuta wamejaza theluji kwenye sufuria, wameiweka jikoni, wote watatu wanaichungulia. Ikayeyuka. Bernardine akauliza, "Imeenda wapi?" Uwamariya akaanza kutafuta neno. Twagira, ambaye haongei, akaenda kabatini, akaleta kikombe, akachota yale maji, akamwonyesha. Bernardine akapiga kigelegele, nikadhani nyumba inaungua.

Nilirudi kwenye gari nikalia. Si kwa furaha. Nililia kwa sababu mimi ni nesi, nimesoma, nampenda mwanangu kufa, na sijawahi kumfanya achungulie kitu namna ile.

Lakini kilichonikata maini ni zipu. Minnesota zipu ya koti si mchezo. Asiyejua kuifunga haendi popote kuanzia Novemba. Nilimfundisha Keziah zipu tangu akiwa na miaka minne. Nilimwimbia, nikambembeleza, nikamnunulia koti lenye zipu kubwa. Wapi! Bernardine alimfundisha kwa msimu mmoja tu wa baridi. Nikamfuata jioni, nikamkuta mlangoni, koti limefungwa mpaka kidevuni, anacheka. Tulipofika kwetu, asubuhi yake, akaninyooshea koti nimfungie.

Nilimpigia Bernardine simu kwa hasira. Akacheka yule mama! Akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo, na Kifaransa kidogo cha kunibembeleza, "Mama Keziah, ma chère, kwako ule ni mutoto. Kwangu ni mwanafunzi. Usimufungie. Akisikia baridi atafunga."

Nilitamani nipite kwenye simu nimzabe kofi. Alijua namwonea wivu, na alifurahia. Alikuwa anaringa, wasikilizaji. Msidhani nawaletea malaika. Alijipulizia manukato ya kumfukuza mbu, alikuwa mbishi, na kila nilipofika alianza, "Mama Keziah, leo umekosa kitu!"

Sikuwa peke yangu kwenye huo wivu. Héritière, binti yake mkubwa, ameniruhusu niseme maneno yake. Aliniambia hivi, akiniita shangazi kwa Kifaransa: "Tantine, wao walikuwa na mwalimu. Mimi nilikuwa mzima, kwa hiyo nilikuwa na mama wa Jumapili tu."

Bernardine alianguka jikoni, karibu na kile kiti. Moyo ulisimama. Uwamariya ndiye aliyeita msaada kwa simu, polepole, neno kwa neno, na yule wa upande wa pili akamsubiri. Watu wa ambulensi walifika. Haikuwezekana kumwokoa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Mnajua sisi na matanga. Mtu akifa, nyumba inafunguliwa, watu wanajaa, na kitu cha kwanza ni kutoa samani ili watu wakae. Vijana wa kanisa walikuja na moyo safi kabisa. Wakatoa makochi. Wakatoa meza ya jikoni. Wakaipeleka gereji, kitambaa chake kimekunjwa juu, kile kiti kikatupwa pembeni. Wakapanga viti vya plastiki na mikeka. Sisi wamama tukafua, tukafagia, tukapika sombe, kile kisamvu cha Kongo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Twagira aliamka, akaenda jikoni, hakukuta meza. Akaanza kuzunguka. Aligonga ukuta mara mbili. Akagonga friji mara mbili. Akagonga mlango, sakafu, mgongo wa mchungaji. Halafu akapiga kelele, na hakunyamaza. Wakasema mtoto anamlilia mama yake. Wakamzunguka kumwombea, sauti juu, na yeye masikio yake ndiyo hayo. Uwamariya alikuwa anajaribu kusema kitu. Kila akianza, mtu alimwambia, "Pole mama, nyamaza," akampapasa kichwa.

Na huko sebuleni, wazee walikuwa wanagawa watoto. Naam, kugawa. Elisée anafanya shifti kiwandani, hawezi peke yake. Kaka yake, Mzee Habiyaremye, alikuwa amekuja kutoka Iowa. Akasema kwa upole, "Huyu kijana mnamwona. Nitaenda naye. Uwamariya aende kwa shangazi. Tusimbebeshe Elisée mzigo." Elisée aliinamisha kichwa. Héritière alikuwa ameegemea ukuta. Kwa hiyo meza ilikuwa imekwisha. Twagira Iowa, Uwamariya kwa shangazi, Keziah wangu arudi kwangu.

Na mimi, niwaambie ukweli? Kitu kidogo ndani yangu kiliinua kichwa. Nikawaza, sasa atakuwa wangu peke yangu.

Ndipo nikamwona Keziah anatoka kwenye mlango wa gereji. Ameukumbatia ule mkunjo wa plastiki. Akapita katikati ya wazee, akakanyaga watu miguu, akaukunjua sakafuni, mbele ya Mzee Habiyaremye. Maua ya njano. Akakaa kwenye pembe yake. Akapiga makofi. Akauliza, "Nani bado hajasalimiwa?"

Ilikuwa sauti ya Bernardine. Kile Kiswahili cha Kongo, ule mkato, vilevile. Mwanangu, ambaye mimi hunijibu kwa Kiingereza.

Twagira alinyamaza. Alikuja, akapiga magoti kwenye pembe yake, akagonga sakafu mara mbili. Kiti cha Uwamariya kikasogea, na sasa hakuna aliyempapasa. Tukasubiri. Akasema, "Mzima." Tukasubiri tena, maana hakuwa amemaliza. Akasema, "Rudisheni... meza."

Mzee Habiyaremye alivua kofia. "Vijana," akasema, "mmesikia. Nani aliwaambia mtoe darasa la watu?" Héritière ndiye aliyekimbilia gereji wa kwanza.

Hawakugawanywa, wasikilizaji. Narudia: hawakugawanywa. Elisée amebadilishiwa shifti. Héritière anafundisha Jumatatu na Jumatano. Mimi ni Jumanne na Alhamisi.

Lakini usiku ule, hata kwa msiba ule, nililala na wivu wangu. Nikajiuliza, nikifa mimi, Keziah atabeba nini changu mdomoni?

Siku yangu ya kwanza ya kufundisha nilifika mapema, nikavuta kile kiti chenye mto wa kitenge. Keziah akakishika. "Hapana," akasema, kwa Kiswahili. "Hicho cha Mama Bena. Wewe simama."

Kwa niaba ya wote hapa redioni, tunampa pole Elisée. Pole Héritière, pole Uwamariya, pole Twagira. Pole kanisa la Crystal, na ndugu wa Iowa, Burundi na Kongo. Mungu awatie nguvu.

Na wewe unayenisikiliza, huenda una mtoto anayefunguka mbele ya mtu mwingine, na si mbele yako. Inauma. Sitakudanganya kwamba itaacha. Mpeleke tu, na ubaki mlangoni uone anavyosalimiwa.

Mimi nachukua funguo sasa. Leo ni Alhamisi, wananingoja Crystal, makoti wameshafunga na kufungua wenyewe. Viti ni vinne pale mezani, na kimoja hakina mtu. Nitafundisha nimesimama.