Tarumbeta la Ropati Halijaambiwa Basi

Miaka thelathini na moja! Ijumaa hii, tarehe 29 Juni 1951, Sajini Ropati Faleafa wa Fitafita, kikosi cha askari wenyeji, anavua msuli wake wa bluu wenye milia myekundu, na sisi wenzake wa bendi bado hatuamini. Wanamaji wa Marekani wanafunga kituo chao hapa Fagatogo, kwetu Wasamoa, wanapanda meli, na serikali inaingia mikononi mwa raia wasiovaa kofia nyeupe. Nimeombwa niseme machache juu ya Ropati kwa sababu namjua kuliko mtu yeyote. Na pia kwa sababu kwenye bendi hii hakuna aliyewahi kunishinda ngoma. Mkibisha waulizeni samaki wa ghuba, walikuwa wanatoa vichwa nje kusikiliza.

Ropati alijiunga mwaka 1920, kijana mwenye miguu mizuri na anayejua kuwa ni mizuri. Fitafita hatuvai viatu, kwa hiyo miguu ndiyo sare yenyewe. Wengine tulipaka mafuta ya nazi kidogo. Ropati alipaka mpaka nzi wakitua wanateleza. Mkewe, Fuatino, anasema mpaka leo, "Mimi niliolewa na vigimbi vya miguu, kichwa nilikuja kukikuta baadaye."

Siku hizo gavana alikuwa gavana. Bendera yao ilipandishwa hapa mwaka 1900, mimi bado naoga uchi ghubani, na tangu hapo kila baada ya mwaka au miwili meli inatushushia nahodha mpya wa kututawala. Yeye anatunga sheria, yeye anakufunga ukiivunja, na asubuhi anakunywa kahawa kama mtu wa kawaida. Mtu mmoja katoka upande wa pili wa dunia, hajui shelisheli bichi na lililoiva, lakini akitoa neno moja tu kisiwa chetu chote cha Tutuila kinageuka. Hata leo nikilifikiria hilo nywele zinanisimama, na nywele zenyewe sina.

Basi, Ropati akiwa bado mgeni kazini, akaja gavana mmoja aliyetaka kuvitembelea vijiji kwa miguu. Ropati mbele na tarumbeta la kumtangaza, gavana katikati na nguo nyeupe pe, mimi nyuma na ngoma. Tulichelewa njiani, maana kila kijiji kina nguruwe wake na kila nguruwe ana hotuba yake. Tukaingia Malaevai, ukweni kwa Ropati, jua linazama nyuma ya mlima.

Na nani asiyeijua Malaevai na sala yake ya jioni? Kome, lile gamba kubwa la baharini, likipulizwa, kila mtu ndani, kimya, na vijana wanakaa barabarani na marungu. Hapiti mtu, hapiti mbwa mwenye akili, mpaka kome la mwisho. Mgeni akivunja, faini inauangukia ukoo uliomleta. Sisi tulikuwa wageni wa ukoo wa Fuatino, na nguruwe wao wote walikuwa wamewekwa kwa siku ya baba mkwe kupewa jina la uchifu. Nguruwe wakienda kwenye faini, jina hakuna.

Kome likalia. Pouvi, kaka yake Fuatino, kakaa katikati ya njia, mikono kaikunja.

"Shemeji, keti."

"Pouvi, huyu ni gavana."

"Namwona. Kama na yeye ana makalio, akae."

Gavana alikuwa hajui Kisamoa. "Askari, hawa wanataka nini?"

"Wanasali, bwana mkubwa."

"Vizuri. Tupite polepole tusiwasumbue." Akanyanyua mguu.

Jamani! Kumshika gavana mkono ni jela, na msuli unavuliwa hapo hapo. Kumwacha apite ni baba mkwe kuaibika mbele ya kisiwa kizima. Pouvi akalinyanyua rungu kidogo tu, kama mtu anayepima uzito wake. Mimi nilikuwa tayari kuiokoa hali, najua mlitegemea hivyo, ila kamba ya ngoma ilikuwa imenibana.

Ropati akaweka tarumbeta mdomoni, akapiga wimbo wa kushusha bendera.

Wimbo huo mnaujua. Mwanamaji akiusikia, awe anakimbia au anatafuna, anaganda na kupiga saluti mpaka wimbo uishe. Gavana akaganda. Mguu ukashuka taratibu, mkono ukapanda kwenye kofia. Ropati akafika mwisho, akaanza tena, kwa sababu baba mkwe mle ndani alikuwa mtu wa sala ndefu, anawaombea wafalme wa Biblia mmoja mmoja, hata wale wabaya. Akamaliza, akaanza tena. Mashavu yamemvimba kama bunju, vigimbi vinamtetemeka. Vijana wamekaa na marungu mapajani, gavana kasimama wima na jasho linamtiririka, zaburi inatoka nyumbani, tarumbeta linaipokea barabarani. Mimi nimeona kimbunga kikibeba paa la kanisa kama jani. Sijaona kitu cha kulingana na hiki. Sheria yao na sheria yetu zimeganda njia moja, na aliyezishika zote mbili ni mtu mmoja peku, kwa pumzi yake tu.

Kome la mwisho likalia. Ropati akashusha tarumbeta, akakaa chini puu.

"Askari," gavana akasema, "bendera iko wapi?"

"Fagatogo, bwana mkubwa."

"Fagatogo iko nyuma ya mlima."

"Ndiyo, bwana mkubwa. Lakini saa hizi inashuka. Mlima hauzuii heshima."

Gavana akamtazama yeye, akamtazama Pouvi, akatazama watu wanavyotoka majumbani na kuanza kutembea tena. Alielewa yule, msidhani hakuelewa.

"Kama wimbo huo unaupenda kiasi hicho," akasema, "kuanzia kesho utaupiga wewe, kituoni, kila jioni, mpaka mimi nikwambie basi."

Wazee wa Malaevai walikaa kesi wakaamua hivi: gavana hakutembea, gavana aliganda. Faini hakuna. Baba mkwe akapata jina lake, na sisi tukawapata wale nguruwe.

Lakini gavana yule akamaliza zamu yake na hakusema basi. Siku anaondoka, Ropati kasimama gatini anangoja neno. Mkubwa akapunga mkono, meli ikaenda.

"Haya, si umesikia?" nikamwambia. "Ushaachiwa."

"Kapunga," akasema Ropati. "Kupunga si kusema."

Wakaja magavana wengine, kila mmoja akadhani ndiyo kazi yake tangu kuzaliwa. Ropati akapiga. Manowari ya Wajapani iliturushia makombora wakati wa vita, na kwenye kisiwa chote likapatwa duka la Mjapani mwenzao. Jioni yake Ropati akapiga. Binti yake Sieni alipoolewa, baba mtu alitoka karamuni na mafuta ya nguruwe mdomoni, akapiga, akarudi kumalizia paja.

Sieni sasa yuko Honolulu, na wajukuu hawamjui babu. Kila mwaka Fuatino anafunga mikeka ya safari, kila mwaka anaifungua. Mwezi uliopita alikwenda mwenyewe kwa ofisa wa wanamaji. Ofisa akacheka, akasema wao wakiondoka, kazi inakwisha yenyewe.

"Kazi haijiishii," Ropati akamjibu mkewe. "Aliyeitoa ndiye anayeichukua. Huyo gavana raia akija, jioni atanikuta pale."

Fuatino hakucheka. "Mimi naondoka na meli ya Julai. Wewe baki na huyo mke wako wa shaba."

Ndipo sisi wa bendi tukaenda Malaevai, tukanywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, na wazee, tukafikiri. Gavana yule tutamtoa wapi? Mzee Pouvi, ambaye siku hizi ana jina la baba yake na tumbo la watu wawili, akauliza, "Siku ile, aliyemwachia gavana aende zake ni nani? Ni mtu?"

Tulikuwa tumelisahau kome.

Kwa hiyo Ijumaa hii Pouvi anakuja Fagatogo na kome lile lile.

Ropati, umetupigia jioni zetu zote, na hakuna iliyokosea njia kuingia. Asante, ndugu yangu. Tunakuombea bahari iliyolala mpaka Honolulu, wajukuu wenye kelele, na mafuta ya nazi ya kutosha miguu yote miwili. Ukifika mwisho wa wimbo, usianze tena. Ngoja, sikiliza. Kome likilia, hilo ndilo basi lako, na hapa kisiwani hakuna gavana mkubwa kulishinda. Nyanyuka, mshike Fuatino mkono, tembea.